Loji ya msituni Marangu: usiku kuna kitu kinalia juu ya miti. Ni mnyama gani huyu?

#1 Mjomba wa Njiro

Wakuu, salaam.

Wikiendi nilimpeleka mama watoto Marangu, kwenye loji moja ya juu kabisa, ukishapita migomba ya mwisho unakutana na miti mikubwa. Vyumba vya mbao, bati juu, veranda inatazama korongo lenye mto. Mchana raha tupu: ukungu, mtori, mbega (wale kima weusi kwa weupe) wawili watatu kwenye mti wa ng'ambo. Kazi ikaja usiku.

Kama saa tano hivi, jenereta limeshazimwa, kikaanza kitu. Mwanzo ni mkwaruzo wa bawaba iliyokosa mafuta, krr… krr… krr, polepole. Halafu kinapanda. Kila mkwaruzo unauzidi uliotangulia, hadi mwisho ni ukelele kabisa, mtu anakabwa. Kikanyamaza. Baada ya muda kingine kikajibu ng'ambo ya korongo. Katikati ya hayo kuna kitu kikatua juu ya bati, puu! Kikatembea. Mama watoto akasema toka ukaangalie. Nikamwambia mlinzi yupo.

Asubuhi nikauliza. Dada wa mapokezi: komba. Mpishi: perere. Muongozaji aliyetupandisha Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya mlimani: mbega. Mlinzi, mtu mzima, akasema "vitu vingine vya msitu haviulizwi", akaendelea kumwagilia maua. Wote nilidhani ni wazaliwa wa palepale.

Wajuzi njooni. Na la pili: kwa kutembea msituni na kuona wanyama kwa miguu, kati ya Marangu na Hifadhi ya Arusha wapi panalipa? Nataka kutoka tena mwezi wa saba.

#2 Dogo_Majengo

Nimeweka kigoda. Kama ni jini semeni mapema, mimi nalala peke yangu.

#3 Mzee wa Nusu Maili

Perere, yule pimbi wa mitini. Fungeni uzi.

Nimezaliwa Kilema, nyumba yetu ya mwisho kabla ya Nusu Maili. Vijana wa mjini wasiojua: ule ni ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kati ya vihamba (mashamba yetu ya migomba) na msitu mkubwa, wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe bila kuingia ndani. Tumelala na hicho kilio tangu utotoni.

Anayelia ni dume, anatangaza eneo lake. Anaanza na mikwaruzo, anapanda ngazi kwa ngazi, anamalizia na ukelele, na dume jirani lazima ajibu. Huwa wanapamba moto mapema usiku, wanapoa, kisha wanarudi tena alfajiri kabla ya jogoo. Mnyama mwenyewe kilo mbili au tatu tu. Mchana yuko ndani ya shimo la mti, humuoni.

Na asije mtu hapa akasema ni aina ya panya. Ndugu zake wa karibu ni tembo. Mtazame meno ya juu, mtazame kucha, zile bapa. Mleta mada ukirudi tafuta mti mkubwa wenye pango, angalia shinani. Perere ana choo kimoja, anarudi hapohapo miaka na miaka. Ukikuta lundo la vidonge, uje uniombe radhi kwa kuuliza.

#4 Shangazi wa Usa

Mzee, kilio nakuachia. Kilichotua juu ya bati je? Anayeruka toka tawini hadi kwenye bati, puu, kisha tititi tititi, ni komba. Hapa Usa wanatujia msimu wa mapapai, kila usiku ngoma.

Na usidharau sauti yake. Yule komba mkubwa analia kama kichanga. Binti niliyekuwa naye alishachukua khanga anatoka kwenda kuokota "mtoto" nyuma ya banda la kuku, nikamrudisha mlangoni.

Mleta mada, ulinusa reli ya veranda asubuhi? Komba hujikojolea viganja na nyayo kabla ya kuanza mizunguko. Alipopita hapajifichi.

#5 Mjomba wa Njiro

Harufu ilikuwepo. Nilidhani ni choo cha loji, nikalalamika mapokezi, wakanibadilishia sabuni.

#6 Kijana wa Himo

😂😂 Sabuni!

Mimi niko na Shangazi. Tena komba wa Marangu ni wa aina yake, mbege iko kila kona. Babu zetu walikuwa wanamtega kwa pombe: unaacha chungu chini ya mti, asubuhi unamwokota hana habari. Huyo wa mleta mada alikuwa anatafuta njia ya kurudi kwake.

#7 Fundi Sauti

Tunabishania hadithi. Mkuu, ulirekodi?

Halafu hilo la "kingine kikajibu ng'ambo" tulichunguze. Korongo la mawe na usiku usio na upepo vinarudisha sauti. Inawezekana mnyama ni mmoja, cha pili ni mwangwi.

#8 Mjomba wa Njiro

Mwangwi haukai dakika nzima ndipo uje, kaka. Kingine kilijibu.

Nimepakia nilichonacho. Mtasikia mto, mtasikia mama watoto akisema "funga dirisha", halafu mwisho kabisa krr kidogo. Hapo nilikuwa nimefunga dirisha.

#9 Binti Kibosho

Nimesikiliza kwa spika za masikioni. Huyo ni chura. Sisemi ukelele, nasema hicho kilichomo kwenye rekodi. Mto upo chini ya dirisha, unategemea nini?

#10 Chalii ya Chuga

Pampu ya maji. Loji nyingi za juu zinavuta maji kujaza matangi usiku, wageni wakishaoga. Krr krr ya mkanda uliolegea. Mmelipia nyota tano mnasikiliza pampu mnaita wanyamapori 😂

#11 Mzee wa Nusu Maili

Na jenereta limezimwa, pampu inaendeshwa na maombi?

#12 Chalii ya Chuga

Sola, mzee wangu. Betri.

#13 Mgumu Mstaafu

Naomba niseme kidogo maana nimekula huo mlima. Nilikuwa mgumu (mbeba mizigo ya wageni) njia ya Marangu, baadaye mpishi, magoti yakakataa. Wageni wakilala Mandara (mita 2,720) swali la kwanza asubuhi ni hilohilo la mleta mada. Perere wa pale wanalia nyuma ya vibanda kabisa, mzungu anatoka na taa ya kichwani anamulika miti, anarudi ndani anasema hakuna kitu. Hakuna kitu wakati kipo juu yako.

Ila muongozaji aliyesema mbega msimcheke. Mbega naye ana kishindo chake, na ni cha alfajiri, kama saa kumi na moja, kabla hakujapambazuka. Dume la kundi moja linaanza kukoroma kwa sauti nene, kundi la pili linapokea, la tatu linapokea, inazunguka bonde zima hadi inakurudia ulipolala. Asiyejua anadhani ni pikipiki zinapanda mlima. Hiyo haina ukelele, ni mkoromo mtupu. Mleta mada, mwulize mama watoto kama alfajiri alisikia kitu kingine. Mimi nina hakika mlisikia viwili mkachanganya.

Na mkiwa njiani kwenda Mandara msimtafute mbega chini. Yeye ni mtu wa majani, tumbo lake lina vyumba kadhaa la kuchachusha majani, kwa hiyo anakula, anakaa saa nyingi anasaga, hana haraka. Angalia matawi ya juu yenye jua la asubuhi, utaona mkia mweupe umening'inia. Mtoto wake akizaliwa ni mweupe wote.

#14 Dogo_Majengo

Mgumu heshima yako. Kumbe ule mkia mrefu ndio anajishikia kwenye tawi asianguke?

#15 Binti Kibosho

Hakuna nyani wala kima wa Afrika anayeshika tawi kwa mkia. Hao wako Amerika ya Kusini, umewaona kwenye katuni. Mbega mkia ni wa mizani na madoido. Cha ajabu kwake ni mkono: hana kidole gumba, kimebaki kijivimbe tu. Ananing'inia kwa vidole vinne kama kulabu.

#16 Mama Wawili

Mnaniacha hoi. Mtu anawaambia MKWARUZO, mnamletea vyura na pampu. Chui akiita anasikika kama msumeno unaokata ubao, mbele nyuma, mbele nyuma. Na chui yupo msitu wa Kilimanjaro, yupo na Meru. Ndugu yangu wa Mwika mbwa wake amepotea usiku, asubuhi mnyororo upo na ukosi upo. Mlinzi kukataa kusema ni kwa sababu anajua. Loji ikitangaza chui nani atalala?

#17 Shangazi wa Usa

Mama Wawili, loji ikitangaza chui itajaa hadi mwakani. Wazungu wanavuka bahari kwa ajili hiyo.

#18 Mzee wa Nusu Maili

Chui haishii kwa ukelele. Msumeno wake unaanza na kuisha palepale. Soma tena #1, kilio kinapanda ngazi.

#19 Mama Wawili

Labda alichokuwa anakikata ndicho kilichopiga ukelele, mzee.

#20 Kijana wa Himo

Hapo umeua 😂

#21 Mjukuu wa Mangi

Wote mmesahau Makinuka. Bibi yetu alitusimulia: binti wa Marangu aliyepata mimba nje ya ndoa, akaona aibu ya kwao, akaenda juu ya maporomoko ya Kinukamori ajitupe. Alipofika ukingoni akaghairi. Kugeuka arudi nyumbani, chui huyu hapa. Akashtuka, akarudi kinyumenyume, akaanguka. Mkienda Kinukamori leo wanawasimulia hivyohivyo. Bibi alisema kwenye korongo usiku unamsikia. Mlinzi alichokataa kukisema ndicho hicho.

Nami niongeze kuwa hadithi inampa haki Mama Wawili: chui na ukelele viko pamoja.

#22 Dogo_Majengo

Nilisema tangu #2.

#23 Nyati Mpweke

Nitajibu swali la pili la mleta mada, maana la kwanza limeshageuka kesi.

Arusha na Marangu hazifanani. Marangu unatembea ndani ya msitu mwanzo mwisho hadi Mandara, kilomita kama nane kwenda, njia imetengenezwa, unaona mbega, kima, ndege, vinyonga ukibahatika, na mimea. Wanyama wakubwa usiwatarajie. Tembo na nyati wa Kilimanjaro utawasikia upande wa Londorosi na kaskazini, ambako msitu unaungana na njia ya wanyama ya kwenda Amboseli.

Hifadhi ya Arusha ni kinyume. Unaingia lango la Ngongongare, nusu saa hujamaliza umeona twiga. Ukitaka kwa miguu unapewa askari mwenye bunduki, na bunduki hiyo ni kwa ajili ya nyati. Unatoka lango la Momella, unavuka uwanda wa majani, nyati wamelala pembeni wanakutazama, unapanda hadi maporomoko ya Tululusia. Ukiendelea njia ya Meru unapita chini ya mkuyu wenye tao, unapita katikati ya shina. Juu zaidi ndipo msitu wenyewe, ndevu za kuvu zinaning'inia kila tawi, unafika vibanda vya Miriakamba mita 2,514. Upande wa Ngurdoto kuna msitu mnene wa mbega, na kreta unaitazama toka ukingoni, kushuka chini hairuhusiwi. Hifadhi ilianza 1960 kwa hiyo kreta, Meru ikaongezwa 1967.

Kwa familia yenye watoto: Arusha. Kwa mtu anayependa msitu wenyewe, awe hana haraka: Marangu.

Mwezi wa saba hakuna mvua kubwa ila baridi ya kweli. Chukua sweta mbili.

#24 Chalii ya Chuga

Na simba, mkuu? Niliambiwa Meru wapo, ndio maana askari ana bunduki.

#25 Nyati Mpweke

Simba hatuna. Fisi wapo, chui yupo. Nimeshaandika bunduki ni ya nyati. Dume la nyati lililofukuzwa kundini, peke yake kichakani, ndilo linaloua watu. (Ndiyo, jina langu limetoka huko.)

#26 Msomi wa Misitu

Naona neno "msituni" linatumika ovyo. Mleta mada, loji yako haikuwa kwenye msitu wa mvua. Msitu wa asili karibu wote wa Kilimanjaro umo ndani ya hifadhi tangu mpaka uliposhushwa mwaka 2005. Zamani hifadhi ilianzia juu ya msitu. Nje ya mpaka ni Nusu Maili na vihamba. Kwa hiyo ulilala kihambani, penye migrevilea, migomba, kahawa na miti ya asili iliyobaki kwenye korongo. Hili linagusa kesi yenu: perere anataka miti mizee yenye mapango. Komba anaridhika na kihamba.

Msitu wa mvua wenyewe ni kuanzia langoni kwenda juu. Upande wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, ndiko mvua inakonyesha kuliko kokote mlimani, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na juu yake kuna ukungu unaonaswa na kuvu na majani. Utaona mkulo, utaona podo, na karibu na vijito ua dogo jekundu lenye mkia uliopinda nyuma, *Impatiens kilimanjari*. Halioti kwingine duniani. Watu wanalikanyaga wakitafuta mbega.

#27 Kijana wa Himo

Msomi, na mti mrefu kuliko yote Afrika ndio ule wa Rau pale Moshi?

#28 Msomi wa Misitu

Hapana. Rau kuna mvule mkubwa maarufu, kaangalie, ni karibu na mji, unafika kwa baiskeli. Mrefu kuliko yote uko kwenye bonde la Mrusungu, Kilimanjaro: mita 81.5, *Entandrophragma excelsum*. Mtafiti Andreas Hemp na wenzake walichapisha vipimo hivyo mwaka 2016.

#29 Mzee wa Nusu Maili

Msomi, nimekusoma. Sasa nijibu: korongo la mleta mada lina miti gani? Korongo zetu hazikulimwa, ni mwinuko na ni za mizimu ya ukoo. Miti mizee iko humo. Perere anashuka na korongo toka hifadhini kama mtu anavyoshuka na barabara. Kihamba chetu kiliisha kwenye korongo na tulimsikia. Ama utotoni mwangu nilikuwa naota?

#30 Msomi wa Misitu

Utotoni mwako ni lini, mzee? Si kejeli. Perere wa Kilimanjaro waliwindwa sana kwa ngozi, tangu enzi za Wajerumani biashara ya ngozi zake ilikuwepo. Baadaye zikaja mbao, mikulo mizee ikakatwa, na mapango yakaenda na mikulo. Uliyemsikia wewe Kilema si ushahidi kwamba yuko kwenye korongo lilelile leo.

#31 Mgumu Mstaafu

Wapo. Wamepungua chini, juu wapo. Mti wenye choo chao uko kabla ya kufika Mandara, kushoto, ukipita daraja la mwisho. Harufu ya mkojo uliokauka utaikuta kabla ya kuuona. Nimewaonyesha wageni wengi, wengine wanapiga picha mavi kuliko mlima.

#32 Bibi Harusi wa Tengeru

Nacheka peke yangu ofisini. Sisi fungate yetu ilikuwa kwenye loji ya msituni upande wa Meru. Hatukusikia perere wala komba, tulisikia siafu. Nasema kweli, wana mlio: kama saa nane usiku mvua imekatika, nikasikia sauti ya majani makavu yakitembea chumbani. Nikawasha taa ya simu, ukuta mzima unakwenda. Mwenzangu alikuwa na wengine tayari kwenye suruali. Mhudumu alikuja na majivu ya jikoni kwenye debe, akachora mstari mlangoni, akasema tukae juu ya meza hadi wapite, wakimaliza kazi wanaondoka na mende wote. Na kweli, asubuhi hakukuwa na hata mbu.

Asubuhi kwenye bili tukakuta tumetozwa "huduma ya ziada usiku". Jina la loji sitaji, mwenye nayo tunasali naye.

#33 Dogo_Majengo

Huduma ya ziada ni siafu ama majivu?

#34 Bibi Harusi wa Tengeru

Hadi leo hatujui. Tulilipa tukakimbia.

#35 Ndege Mjanja

Nimechelewa. Mmemtaja kila mwenye miguu minne, hamjamtaja mwenye mbawa. Bundi wa msituni huitana, dume na jike, mmoja anauliza na mwingine anajibu ng'ambo. Hapo ndipo penye "kujibu" kwa mleta mada.

Hondohondo pia, yule mkubwa mweusi na mweupe mwenye pembe juu ya mdomo, ana sauti mbaya kuliko punda, ila ni wa mchana, kwa hiyo nimemfuta mwenyewe kabla hamjanifuta. Akiruka juu ya kichwa chako mbawa zake zinavuma kiasi kwamba unainama. Na mkiwa Marangu msikose shorobo: tawini ni kijani, humtofautishi na majani, akiruka tu mbawa nyekundu zinawaka.

#36 Mzee wa Nusu Maili

Bundi hapandi ngazi.

#37 Ndege Mjanja

Bundi anaanzia juu ya ngazi, mzee.

#38 Mjomba wa Njiro

Wakuu, asanteni. Nimemwuliza mama watoto kuhusu #13. Anasema alfajiri alisikia mkoromo mnene, ndiyo, alidhani ni mimi. Kwa hiyo mbega anaingia kwa kilio cha pili.

Usiku bado. Nimempigia simu dada wa mapokezi. Anasema komba ni lazima, kwa sababu yeye ndiye anayemwekea maganda ya ndizi juu ya bati ili wageni wamwone! Mpishi akachukua simu, akasema maganda yanaliwa na komba ila anayelia ni perere, na kwamba dada ni mtu wa Same, hajui. Wakaanza kubishana wao kwa wao simu ikiwa hewani kwa salio langu.

#39 Mama Wawili

Mlinzi hukumwuliza?

#40 Mjomba wa Njiro

Mlinzi wamesema yuko likizo.

#41 Mama Wawili

Aha.

#42 Fundi Sauti

Nimesafisha rekodi, nimepunguza mto. Zile krr ziko nne, siyo tatu, na kila moja imepanda kidogo. Chura wa Binti Kibosho hawezi, chura anarudia palepale. Pampu ya Chalii mkanda ukilegea unaweza kupanda pia, sijaifuta. Perere anaongoza kwangu. Lakini dirisha lilifungwa kabla ya ngazi kufika juu, kwa hiyo mahakama yangu haina hukumu.

#43 Binti Kibosho

Chura gani hao unaowajua wewe? Njoo Kibosho mwezi wa nne nikuonyeshe wanaopanda.

#44 Shangazi wa Usa

Na dada wa Same kasema komba kwa macho yake. Perere wenu nani kamwona? Mzee kamsikia, Mgumu kaona choo, Fundi kaona mistari kwenye kompyuta.

#45 Mgumu Mstaafu

Nimemwona, Shangazi. Kajianika kwenye tawi baada ya mvua, saa tatu asubuhi, macho nusu. Mwili wake haujui kujipasha moto vizuri, akipata jua harudi shimoni upesi. Alinitazama, akaendelea kuota jua.

#46 Shangazi wa Usa

Alikuwa analia?

#47 Mgumu Mstaafu

Mchana?

#48 Shangazi wa Usa

Basi.

#49 Mpangaji wa Safari

Wenye kutaka kwenda, machache maana maswali yananijia pembeni. Moshi hadi Marangu Mtoni kuna Hiace na Noah kutwa nzima, pale unachukua boda hadi langoni. Siku moja hadi Mandara na kurudi inawezekana kabisa, ila lazima muongozaji mwenye leseni. Hifadhini hawapokei keshi, unalipa kwa kadi au namba ya malipo, na Mtanzania analipa kwa shilingi, beba kitambulisho. Anzeni mapema, ukungu unafunga mchana. Mkifika Mandara na miguu bado ipo, ongezeni robo saa hadi kreta ya Maundi, siku nyeupe mnaona hadi upande wa Kenya. Mizizi ya njiani ikilowa inateleza vibaya, raba za mjini ziacheni nyumbani.

#50 Dogo_Majengo

Viatu vya mlima vinapatikana wapi kwa mtu wa kipato cha kigoda?

#51 Mpangaji wa Safari

Soko la mitumba la Memorial, Moshi, siku za mnada, fika asubuhi. Angalia soli imeshikwa kwa uzi, siyo gundi tu, gundi inaachia kwenye tope la kwanza. Koti la mvua kodi mjini, usinunue.

#52 Dogo_Majengo

Nikienda nitalala loji hiyohiyo, nitaacha dirisha wazi na simu inarekodi.

#53 Mjukuu wa Mangi

Peke yako?

#54 Dogo_Majengo

Fundi Sauti, una nafasi wiki ijayo?

#55 Fundi Sauti

Kama unalipa wewe chumba. Kitanda changu kiwe cha ukutani, cha dirishani chako.

#56 Chalii ya Chuga

Mkifika mwambieni fundi wa pale akaze mkanda wa pampu.